Kupandisha usukani wa pikipiki na kubadili mpira wa breki ya mbele

Usukani ukipanda, kila kilichofungwa juu yake kinadai urefu zaidi: mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta ya breki), kebo ya mafuta (ya kuongeza mwendo), kebo ya klachi na nyaya za swichi. Kwa hiyo pima kabla ya kununua mpira mpya.

Inua sehemu ya mbele mpaka gurudumu lining'inie na shokapu zifunguke hadi mwisho. Hapo ndipo mpira wa breki unapovutwa zaidi. Chukua kipande cha waya, ukipitishe njia ile ile ya mpira kutoka silinda ya juu (iliyo kwenye mkono wa breki) hadi kalipa (kifaa kinachobana diski ya gurudumu), kisha upime waya huo. Kebo zenyewe huumizwa na kukata kona, maana upande mmoja umefungwa kwenye fremu au injini. Kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho huku injini ikiunguruma bila gia: mlio ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa, na huo ni mwanzo wa ajali.

Mpira wenye wavu wa chuma hautanuki kama wa kawaida, ndiyo maana breki huwa ngumu na sikivu zaidi. Lakini wavu huo hukata rangi na plastiki kama msumeno, kwa hiyo uvishe ganda popote unapogusa kitu. Angalia pia hatua, yaani umbali kati ya nyuzi, za bolti yenye tundu inayofunga kila ncha ya mpira na kupitisha mafuta. Pikipiki nyingi za Japani hutumia M10 x 1.25 (unene milimita 10, hatua milimita 1.25), ilhali silinda na kalipa nyingi za kampuni ya Brembo ni M10 x 1.0. Bolti isiyo yake huingia mizunguko michache, halafu inachuna alumini.

Funika tangi kwa kitambaa kilicholowa maji, kwani mafuta ya breki hula rangi. Weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Za zamani zimeshabonyea na zitavuja. Anza kukaza bolti zote mbili kwa mkono kwanza, hakikisha mpira haujajisokota, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Sasa kutoa upepo ulioingia ndani ya mpira. Tumia mafuta ya breki mapya ya aina ya DOT 4 kama kifuniko cha kikopo cha mafuta, kilicho kwenye silinda ya juu, kinavyosema, na usiichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Chomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipeli ya kalipa (kiskrubu chenye tundu cha kutolea upepo), ncha ya pili izame ndani ya mafuta ya breki kidogo kwenye chupa. Bana mkono wa breki, fungua nipeli robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, unafyonza upepo ulioutoa. Kikopo cha juu kisikauke hata mara moja.

Wengi hukwama hapa: mapovu yameisha chini, lakini breki bado ni laini. Upepo hupanda, kwa hiyo hujificha kwenye bolti ya juu kabisa, ile ya silinda ya juu. Izungushie kitambaa, bana breki, legeza bolti kidogo sana, kaza, kisha achia. Vinginevyo funga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha, mapovu yapande kikopo taratibu.

Mwishowe bana kwa nguvu dakika nzima. Mkono ukizama polepole, kausha viungo vyote kwa karatasi na utafute palipolowa kabla gurudumu halijagusa barabara. Pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisikwame wakati wa breki) inaweza kuhitaji mashine ya fundi kutoa upepo uliobaki ndani ya kifaa chake.