Jinsi ya kufuatilia virutubisho na mabaki yaliyoyeyuka mtoni: tuchukue Mto Mara

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wetu wa Tanzania yalikuwa meusi, samaki wakaelea wamekufa, watu wakazuiwa kutumia yale maji, na serikali ikaunda kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele. Kamati ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vimekula oksijeni ya maji. Mtandaoni watu walibishana sana, wengine hadi leo hawajakubali. Mimi nasema hivi, ubishi wa namna ile unakatwa na daftari. Ukiwa na vipimo vya sehemu ileile, vya miaka miwili mitatu nyuma, unajua kawaida ya mto ikoje kiangazi na masika, na siku mambo yakiharibika unaona yalianza kuharibika lini na yametokea upande gani. Bila hivyo kila mtu anabaki na hoja yake.

Kwa hiyo hii ni ya jumuiya za watumia maji, walimu wa sayansi, wanafunzi wa vyuo na yeyote anayeishi karibu na mto anayetaka kuanza. Nitatumia Mara kama mfano ila kazi ni ileile ukiwa Pangani, Simiyu au Ruvu.

Kwanza unatafuta nini. Virutubisho vya kufuatilia ni naitrojeni na fosforasi, basi. Naitrojeni utaikuta kama naitreti na kama amonia. Naitreti inayeyuka kirahisi, inazama na maji ya mvua hadi chini na kutokea kwenye chemchemi, so unaweza kuikuta hata maji yakiwa maangavu kabisa. Fosforasi yenyewe inang'ang'ania udongo, inasafiri na tope, ndo maana ukipima maji yaliyochujwa tu utakuwa umeiacha sehemu kubwa kwenye kichujio. Amonia ikipanda ghafla fikiria kinyesi au maji taka ya karibu, kwa sababu haikai muda mrefu kwenye maji yenye hewa kabla ya kugeuka naitreti.

Halafu kuna mabaki ya viumbehai yaliyoyeyuka: majani, mizizi, mafunjo, samadi, vyote vikishaoza vinaacha kitu ndani ya maji ambacho hakichujiki, kinachofanya maji yawe kama chai ya rangi. Watu wengi wanakiruka hiki na mimi naona ndo cha muhimu zaidi kwa Mara. Bakteria wanakula hayo mabaki na wakila wanatumia oksijeni. Huko juu Masai Mara kuna viboko zaidi ya 4,000, usiku wanapanda kula nyasi mchana wanarudi kunya majini, na utafiti uliotoka 2018 ulionyesha kwamba madimbwi yao yanaishiwa oksijeni kipindi maji ni machache, alafu mafuriko yakija yanasukuma maji yale yote kwa mkupuo na samaki wa chini wanakufa. Ongeza nyumbu wanaozama kila mwaka wakivuka, ongeza ng'ombe, ongeza lile eneo oevu kubwa la mafunjo kabla ya Ziwa Victoria. Vyanzo ni vingi, so huwezi kumwonyeshea mtu kidole kwa kuangalia rangi ya maji.

Kuchagua sehemu: unataka angalau mbili, moja juu ya kitu unachokishuku na nyingine chini yake. Kwa Mara mtu angeweza kuchukua daraja la Mara Mines, juu ya eneo oevu, na daraja la Kirumi chini yake, tofauti ya hizo mbili inakuambia eneo oevu limeongeza nini na limeshika nini. Epuka pale ng'ombe wanaponywea na pale akina mama wanapofulia, sabuni na kinyesi cha dakika hiyo vitakudanganya. Darajani teka upande wa juu, kabla maji hayajapita nguzo, usiteke upande wa chini baada ya nguzo. Na tafadhali, chini huko kuna mamba na viboko, tumia ndoo na kamba ukiwa darajani, usishuke majini kwa ajili ya sampuli. Kabla ya kuanza kaongee na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria na serikali ya kijiji, waelewe mnafanya nini, itawasaidia pia mkihitaji data za kina cha mto.

Wakati wa kuteka ndo penye kazi yenyewe. Vikundi vingi vinaenda mara moja kwa mwezi, siku yenye jua, barabara ikiwa imekauka, alafu wanasema mto uko vizuri. Mto haubebi vitu kwa usawa, mzigo mkubwa wa mwaka unapita kwenye siku chache za mafuriko, hasa mvua za kwanza baada ya kiangazi kirefu zinapofagia samadi na majivu na uchafu wote uliokaa juu ya ardhi. Angalia pia kalenda ya wakulima, mbolea ya kupandia kama DAP inaingia na mvua za mwanzo, ya kukuzia kama CAN au urea inafuata wiki kadhaa baadaye, mvua kubwa ikipiga siku mbili baada ya kukuzia utaiona kwenye naitreti. Mpango wangu ungekuwa hivi: kila wiki siku ileile saa ileile, na mafuriko yakija mnateka kila baada ya masaa mawili matatu, maji yakipanda, yakifika kileleni, na yakishuka. Mkishindwa yote, acheni baadhi ya wiki za kiangazi lakini msiache mafuriko. Saa nayo ina maana, oksijeni inakuwa chini kabisa alfajiri na juu mchana, ukilinganisha ya saa 12 asubuhi na ya saa 8 mchana hujalinganisha kitu.

Sasa kuteka. Chupa za plastiki ngumu kwa virutubisho, zioshwe na asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 alafu zisuuzwe na maji yaliyotoneshwa (distilled) mara kadhaa, usioshe na sabuni ya dukani, nyingine zina fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka. Mabaki yaliyoyeyuka yanapimwa kwa kaboni iliyomo ndani yake, kwa hiyo kaboni tumia chupa za kioo cheusi au cha kahawia. Fika, suuza ndoo mara tatu na maji ya mto, mwaga upande wa chini, alafu teka katikati ya mkondo, chini kidogo ya uso wa maji, usichote povu. Vipimo vya papo hapo fanya palepale: joto, pH (kiasi cha asidi), oksijeni, upitishaji umeme na utope. Mita ya oksijeni isawazishwe asubuhi ileile, usiamini ya wiki iliyopita.

Kuchuja kufanyike pembeni ya mto, kusisubiri kurudi mjini. Chukua bomba la sindano la mililita 60, funga kichujio cha maikroni 0.45 mbele, sukuma mililita 20 za kwanza zimwage (hizo zinasuuza kichujio chenyewe), ndo ujaze chupa. Maji ya mafuriko yataziba kichujio baada ya sukuma mbili, usilazimishe kipasuke, yaache maji yatulie dakika kadhaa kwenye chupa, chuja ya juu, badilisha kichujio. Hapa pana siri: bakteria waliomo kwenye chupa wanaendelea kula njia nzima, ukipanda basi na maji hayajachujwa masaa matano kwenye joto, fosfeti na amonia utakazopima si za mto tena. Baada ya kuchuja weka kwenye deli lenye barafu, gizani. Ya naitreti na fosfeti ifike maabara ndani ya masaa 48 au igandishwe, na ya kaboni itiwe asidi kidogo hadi pH 2. Sampuli ya fosforasi yote, ile pamoja na tope, usiichuje, ipe chupa yake na lebo yake.

Kila safari beba chupa moja ya maji safi ya maabara, ichuje na kuihifadhi kama sampuli nyingine. Ikirudi na fosfeti ujue uchafu uko kwenye vifaa vyenu. Na katika kila sampuli kumi, moja iteke mara mbili.

Kupima: vijiti vya rangi vya naitreti vinafaa kufundishia na kugundua tatizo kubwa, kwa ufuatiliaji wa kweli pelekeni maabara, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji kikanda, Mwanza ipo. Mkiwa na chuo jirani chenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaomezwa na maji), ombeni wapime maji yaliyochujwa kwa mwanga wa nanomita 254, kwa kikombe cha kwatsi cha sentimita 1 (cha plastiki kinameza mwanga wenyewe). Hiki kipimo ni cha bei ndogo na kinasema mengi. Mfano umesoma 0.32 kwa sentimita 1, hiyo ni 32 kwa mita, kaboni iliyoyeyuka ni miligramu 8 kwa lita, gawanya 32 kwa 8 unapata 4, mabaki ya namna hiyo ni ya udongo na mimea migumu, ya eneo oevu. Kaboni ikiwa ileile 8 lakini mwanga ukasoma 0.12, unapata 1.5, hayo ni mabaki mepesi, ya maji taka, mwani au kinyesi kibichi, yale bakteria wanayomaliza haraka. Si ushahidi wa kumfunga mtu, chuma kikiwa kingi majini nacho kinapandisha namba, lakini ukiwa nayo ya juu na ya chini ya eneo oevu kwa mwaka mzima unaanza kuona.

Usiache kupima mtiririko. Namba ya miligramu peke yake haikuambii ni mzigo kiasi gani unaingia ziwani. Kama hakuna kituo cha kupima, pima upana na kina sehemu iliyonyooka, tupa chungwa, hesabu sekunde. Mto una upana wa mita 12, kina cha wastani nusu mita, chungwa limeenda mita 20 kwa sekunde 25, hiyo ni mita 0.8 kwa sekunde, zidisha 0.85 kwa kuwa maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, unapata 0.68, mara eneo la mita 6 za mraba ni kama mita za ujazo 4.1 kwa sekunde. Naitrojeni ikiwa miligramu 2 kwa lita, kwa siku zimepita kama kilo 700. Sasa mafuriko yakifikisha mita za ujazo 30 na kipimo kikawa 3, ni zaidi ya kilo 7,700 kwa siku moja.

Kwenye daftari andika kipimo na aina yake. Naitreti inaandikwa kwa njia mbili, kama naitrojeni tu au kama naitreti nzima, na moja ni mara 4.43 ya nyingine. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita ukihesabu naitreti nzima, ambayo ni kama 11.3 ukihesabu naitrojeni, so mtu akikuambia "naitreti ni 12" muulize 12 ya nini. Andika tarehe, saa, nani aliteka, mvua ilinyesha lini, maji yana rangi gani na yananukaje, ng'ombe walikuwepo au la. Piga picha palepale kila mara ukielekea upande uleule. Mabaki ya kemikali za kupimia mengine yana kadimiamu, metali yenye sumu, yakusanye kwenye dumu yarudi maabara, yasimwagwe mtoni. Nakala ya daftari ikae kwa mtu wa pili, nyingine iende bodi ya bonde kila baada ya miezi mitatu, hata kama hawajaiomba.