Muuguzi akikuuliza nani yuko nyumbani, usijibu kwa adabu: kujiandaa kubadilishwa goti Uingereza

Goti langu la kulia lilibadilishwa hapa Uingereza baada ya miaka 14 ya kuinua na kugeuza wazee kwenye nyumba za kulelea. Gegedu ilikuwa imekwisha, mfupa unasaga mfupa, na ngazi za nyumbani kwangu nilikuwa nazipanda kinyumenyume. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri na sina lawama na madaktari. Kilichonitesa ni wiki 3 za mwanzo nyumbani, na mateso hayo yalitokana na jibu moja nililolitoa kliniki ya maandalizi wiki 5 kabla, nikiwa nimekaa wima, nimevaa vizuri, najibu kwa adabu niliyolelewa nayo Tanga.

Muuguzi aliniuliza nani atakuwa nyumbani kunisaidia. Nikasema, "Ndugu zangu wapo." Akaandika. Akaniuliza kama nitahitaji vifaa. Nikasema nitajitahidi. Akanipa karatasi ya kujaza urefu wa kiti, kitanda na choo cha nyumbani. Sikwenda nayo nyumbani. Niliijaza palepale kwa kukisia, ili nisimcheleweshe.

Ndugu niliyekuwa nikimfikiria ni binamu yangu anayeishi mji mwingine, mwendo wa saa 2 kwa treni. Alikuwa ameniambia kwenye simu, "Dada, usijali, nitakuja nikae nawe wiki 2." Alisema kwa moyo safi, nami nikapokea kwa moyo safi. Kazini wakamnyima likizo. Alifika Jumamosi na sufuria ya pilau, akaondoka Jumapili jioni huku machozi yakimlengalenga. Simlaumu. Ahadi ya ndugu si zamu iliyoandikwa, na mimi niliipeleka hospitali kana kwamba ni zamu iliyoandikwa.

Hapo ndipo mtego ulipo, na nitaurudia mpaka mchoke. Kwetu mgonjwa akilazwa, ukoo unahamia hospitali. Yupo wa kuleta uji, yupo wa kulala chini ya kitanda, yupo wa kubishana na dirisha la dawa. Hakuna anayemuuliza mgonjwa kama ana watu, kwa sababu watu wanaonekana. Hapa hawaonekani, kwa hiyo wanakuuliza, na ukishajibu wanakuamini. Hakuna atakayerudi kukuuliza mara ya pili kwa kuona uso wako umesita. Wengi wanakaa wodini siku 1 hadi 3, wengine wanaruhusiwa siku ileile. Wanakusimamisha saa chache tu baada ya upasuaji, na ukishaweza kutembea kwa magongo, kufika chooni na kupanda vipandio vichache, unakwenda nyumbani. Kama ulisema una watu, unakwenda kwa hao watu, wawe wapo au hawapo.

Jumatatu hiyo saa 4 asubuhi nilikaa kwenye kochi langu la sebuleni, lile laini la kuzama. Sikuweza kuinuka. Mguu ulikuwa umevimba kama gogo, mikono haikuwa na pa kushika, simu ilikuwa jikoni kwenye chaji na dawa za maumivu zilikuwa chumbani. Nilitoka pale saa 10 jioni, kwa kujisukumia mto mmoja mmoja chini ya paja mpaka nikapata kimo cha kujiinua. Sitaeleza yote ya siku hiyo. Mama mzima nilikuwa, na nililia kama mtoto.

Karatasi niliyoikisia ndiyo ingezuia hayo. Inaonekana ya kipuuzi, lakini ndiyo inayoamua kama utaletewa vitalu vya kuinulia kiti na kitanda, kiti cha juu cha kuwekwa chooni, na kiti cha kukalia unapojisafisha. Hivyo kwa kawaida vinaazimwa bila malipo. Chukua futikamba ya fundi cherehani. Simama umevaa viatu utakavyovaa nyumbani, mtu akupime kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni. Kiti chochote kilicho chini ya kipimo hicho ni adui yako kwa wiki 6. Pima kochi ukiwa umekalia, maana linazama. Pima kitanda ukiwa umekikalia. Pima choo. Andika namba za kweli, usikisie.

Na kuhusu swali la nani yuko nyumbani, jibuni hivi ndugu zangu: "Naishi peke yangu. Kuna mtu atakuja Jumamosi kwa saa 3. Usiku hakuna mtu." Basi. Kwa hapa England kuna msaada wa muda mfupi wa kurudia hali yako baada ya hospitali, mtu anakuja nyumbani kukusaidia kuoga na kuvaa, na unaweza kuupata bila malipo hadi wiki 6 ukionekana unauhitaji. Wanaamua kwa kusikia maneno yako. Mimi nilikuwa nafanya kazi hiyohiyo, nawahudumia wengine, na bado nikaikataa kwa mdomo wangu kwa sababu niliona aibu kusema sina mtu.

Tumezoea. Mtu ana homa ya kutetemeka, akiulizwa hujambo anasema sijambo, kisha ndipo aseme, "Ila kidogo naumwa." Lugha yenyewe imetufundisha kuweka uzima mbele na ugonjwa nyuma. Nyumbani anayeuliza anajua kusubiri hilo "ila". Muuguzi wa hapa hasubiri. Ukisema uko sawa, anaandika uko sawa. Wodini walikuwa wakiniuliza maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Nilikuwa natoka jasho, nasema 3. Wakanipa dawa ya mtu mwenye 3. Usiku ule sikulala, na asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja nilishindwa kukunja goti, kwa sababu maumivu yalikuwa yamenifunga. Sema 8 kama ni 8. Maumivu yaliyotulizwa ndiyo yanayokuruhusu kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayokupa goti. Kama Kiingereza kinakuangusha, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, ni haki yako bila malipo, wala usimgeuze mwanao wa miaka 12 kuwa mkalimani wa mwili wako.

Mengine ya kliniki ni ya kawaida: watapima damu, presha, moyo, mkojo, na watapitisha pamba puani kutafuta wadudu sugu. Kama una jino bovu, kidonda au sukari iliyopanda, shughulikia sasa, maana yoyote kati ya hayo yanaweza kuahirisha upasuaji. Ondoa rangi ya kucha, na usipake piko vidoleni kwa arusi ya wiki ileile, kwa sababu kipimo cha oksijeni hubanwa kidoleni. Wapeni orodha kamili ya dawa, pamoja na ule unga wa mizizi uliotumwa na shangazi kwenye begi la mtu. Nasema hili kwa upendo: shangazi anakutakia mema, lakini baadhi ya dawa za miti zinafanya damu isigande vizuri, na daktari hawezi kujihadhari na kitu asichokijua.

Waislamu wenzangu, ulizeni mapema kuhusu sindano za kuzuia damu kuganda. Heparini inatengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mimi nililijua hilo nikiwa kitandani, sindano iko mkononi mwa muuguzi, na si mahali pa kuanza kumtafuta shehe. Mzungumze na shehe wako kabla, mwulize muuguzi kama kuna vidonge badala yake, na jibu liandikwe kwenye faili. Kuswali nako jiandae: utaswali kwenye kiti kwa miezi, na watu wengi hawarudi kupigia goti bandia bila usumbufu. Tafuta kiti kigumu cha kuswalia sasa, kiwe cha kimo kilekile ulichokipima.

Nyumba ya Mswahili ina hatari zake. Kunja mikeka na mazulia yote, gongo likinasa ukingo umeanguka. Ndala weka mbali, vaa kiatu kilichofungwa nyuma. Dera refu linaingia chini ya gongo, kwa hiyo pandisha pindo au vaa fupi. Sufuria unazotumia zitoe kwenye kabati la chini uziweke kwenye kimo cha kiuno, na mbuzi ya nazi iache ilale, utatumia tui la kopo. Kopo la maji la chooni liwe juu, pa kufikia bila kuinama. Ukiwa na magongo mawili huwezi kubeba kikombe cha chai, jambo ambalo sikuliwaza hata mara moja mpaka nilipokuwa nimesimama jikoni na kikombe kimejaa. Nunua chupa ya chai inayofunga na mkoba wa kuvaa mgongoni. Pika maharage na mchuzi, gandisha kwa vikopo vya mlo mmoja mmoja. Kanga moja ya zamani weka kando ya kitanda: unaipitisha chini ya unyayo na kuuvuta mguu kupanda kitandani, na ndiyo hiyohiyo utakayovutia wakati wa zoezi la kukunja.

Usiweke mto chini ya goti, hata kama unasikia raha. Mguu unatakiwa unyooke, na mto unaufundisha kukaa umepinda. Na asije mtu na mafuta ya karafuu kukuchua ule mguu. Nilimkatalia mama mmoja tunayeheshimiana sana, akanuna wiki nzima. Baada ya upasuaji huu damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaua. Shavu la mguu likiuma na kuvimba isivyo kawaida, piga 111, simu ya ushauri wa afya, siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, piga 999, simu ya dharura. Usipige Tanga kwanza.

Nyumbani waambieni mapema, na waambieni ukweli. Mdogo wangu aliniuliza, "Dada, si Ulaya wanakufanyia kila kitu?" Shangazi akaniambia nisikubali kukatwa goti, kwamba nitabaki kiwete. Nikamweleza kwamba hata MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, wanabadilisha magoti, na kwamba zaidi ya manne kati ya matano ya magoti haya hudumu miaka 25. Akatulia. Wengine wakasema, "Njoo upumzikie huku tukuuguze." Haiwezekani: safari ndefu ya ndege hushauriwa uiepuke hadi miezi 3, kwa sababu hiyohiyo ya damu kuganda. Kama unataka dada au mama aje, aombe viza miezi kabla, na upange maisha yako kana kwamba atanyimwa.

Pia waambieni kwamba kwa miezi 3 hakuna hela itakayotumwa. Malipo ya ugonjwa ya kisheria ni madogo, hayalipi kodi ya nyumba sembuse ada ya mtoto wa mtu. Mimi nilikuwa kwenye upatu na wenzangu wa kazini. Ningeomba zamu yangu ya kupokea iangukie mwezi wa upasuaji ningelala usingizi. Sikuomba, nikaona aibu, na nilipokuwa kitandani bado simu ilikuwa ikilia kuomba karo. Ndugu zetu si wakatili. Hawajui, kwa sababu tunapoulizwa tunasema huku kwema.

Sasa moyo. Wengi wanachomwa sindano ya ganzi mgongoni badala ya nusu kaputi, na unakuwa macho. Utasikia nyundo na msumeno. Husikii maumivu, lakini unasikia seremala akifanya kazi kwenye mwili wako. Hakuna aliyenionya, nikadhani ganzi imekataa. Omba dawa ya kukusinzisha, au ulizia mapema kama unaweza kuweka Kurani au kaswida masikioni. Halafu jiandae kwa wiki ya 2 na ya 3. Wageni wamekwisha kuja, maumivu ya usiku hayajaisha, usingizi hakuna, dawa zimefunga tumbo, na unaanza kujiuliza kwa nini ulikubali. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyejuta. Baadaye kila niliyemuuliza aliyepitia njia hiyo aliniambia alilia wiki hizohizo. Panga mtu wa kukupigia saa 3 usiku, kila usiku, kwa wiki hizo 2.

Kuhusu Waingereza, nina neno. Tunasema hawana upendo, wanawatupa wazee. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, aliona pazia langu halijafunguliwa siku 2. Alileta maziwa na mkate, akauliza, "Unataka nije tena kesho, au hutaki?" Nikasema nitashukuru akija. Akaja kila siku, saa ileile, wiki 3. Angeambiwa "usijisumbue" asingerudi, na asingekuwa amekosa adabu, angekuwa ameheshimu nilichosema. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka 6 nikisubiri anikaribishe, kumbe ananisubiri niseme.

Goti la kushoto nalo limeandikishwa. Kliniki ya maandalizi ilikuwa mwezi uliopita. Nilikwenda na karatasi yangu: kochi sentimita 38 likikaliwa, kitanda 44, choo 40, nyuma ya goti 47. Muuguzi akauliza nani atakuwa nyumbani. Nikamwambia usiku hakuna mtu, mchana jirani ana miaka zaidi ya 80. Akaweka kalamu chini, akachukua fomu nyingine.