Maji ya Mabwawa ya Majitaka: Kazi Uliyoachiwa Wewe Mkulima

Ukilima bustani chini ya mji mdogo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mto unaochota maji ndio huohuo unaopokea maji ya mabwawa ya majitaka. Maji hayo yana faida kubwa shambani, lakini lazima ujue mabwawa yameyasafisha kwa kiasi gani.

Maji ya mto yenye nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 tu za oksijeni kwa lita, na samaki huitegemea hiyo. Majitaka ghafi yakimwagwa mtoni, bakteria hula uchafu wake na kuimaliza. Lita moja ya majitaka ya majumbani yaweza kufyonza oksijeni yote ya zaidi ya lita 20 za maji ya mto. Samaki hupanda juu wakitweta, kisha mto huanza kunuka mayai viza.

Mabwawa huzuia balaa hilo. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito huzama na kuoza bila hewa. Katika la pili mwani hutoa oksijeni, na bakteria huitumia kumalizia uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho huwa na kina kifupi ili jua lipenye na kuua vijidudu. Kwa siku zote ambazo maji hukaa mabwawani, mayai ya minyoo huwa yanazama. Maji yakitoka na ukijani kidogo usishtuke. Huo ni mwani.

Naitrojeni na fosforasi hubaki kwa wingi. Kwa hiyo punguza mbolea ya kukuzia, la sivyo mimea itajaa majani huku matunda yakichelewa.

Kwa mazao yanayoliwa mabichi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100 za maji, na yai moja la minyoo kwa lita. Waulize wasimamizi wa mabwawa vipimo vyao. Ni haki yako kujua. Mwongozo wa 2006 ukaongeza jambo ninalolisisitiza kila niendapo: kinga ziwe nyingi, kuanzia bwawani hadi jikoni.

Chimba kidimbwi, maji yatulie walau siku nzima kabla ya kumwagilia. Chota juujuu. Ndoo ikigusa chini, lile wingu la tope linaloinuka ndilo lenye mayai ya minyoo. Elekeza maji shinani. Ukimwagilia kwa keni kutoka juu, matone hurusha udongo hadi chini ya majani, mahali ambapo jua halifiki. Mipira ya matone, inayodondosha maji polepole shinani, ni bora zaidi. Acha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, na mboga zioshwe kwa maji safi, kamwe si ya mfereji wa shambani. Vaa buti.

Nawasihi pia wanaotoboa bomba kabla halijafika mabwawani wakitafuta rutuba: mnachukua maji yenye maradhi yote ya mji. Tope linalozolewa mabwawani nalo msilitie shambani likiwa bichi, kwani mayai ya minyoo huweza kuishi udongoni kwa miezi, hata miaka.

Siku utakayoona maji meusi yenye harufu kali yakitoka kwenye bomba la mwisho, funga mfereji wako na uwaarifu wasimamizi papo hapo.