Kulea viluwiluwi na watoto nyumbani

Mvua za Machi ziliponyesha hapa Jinja, watoto wa dada yangu waliniletea kopo la ute. "Mjomba, mayai ya nini haya?" Yalikuwa kama shanga nyeusi zilizotungwa kwenye uzi: ya chura yule wa vipele.

1. Chukueni mayai machache kwenye dimbwi la mvua. Ukingoni mwa ziwa hapana, kuna kichocho, na mtoto akiona maji lazima atie miguu.

2. Beseni pana, kivulini. Akwariamu ya kioo ni kupoteza pesa.

3. Maji. Hapa niliumia. Mara ya kwanza nilijaza ya bomba. Asubuhi viluwiluwi vyote vilikuwa vinaelea matumbo juu, na mdogo wao alikataa chai. Klorini inayotukinga sisi huunguza matamvua yao. Ya bomba yalaze siku mbili kwenye chombo kilicho wazi. Ya mvua ni bora, ila si yale ya kwanza yanayosuuza vumbi la mabati. Mimi nateka ya dimbwi lenyewe, nachuja kwa kitambaa, maana mabuu ya kereng'ende hula viluwiluwi. Kila baada ya siku mbili tatu badilisha theluthi tu. Yakinuka, umelisha kupita kiasi. Beseni la kufulia siliamini hata lisuuzwe mara kumi.

Funika pia, la sivyo mtafuga mbu. Lakini si kwa chandarua chenye dawa! Dawa ile ikidondokea majini ni yale yale ya klorini. Tumia pazia kuukuu.

4. Chakula ni dodo, yaani mchicha, iliyochemshwa ikapoa, kipande cha ukubwa wa ukucha. Mkate usitie.

5. Miguu ya nyuma hutangulia. Ya mbele ikichomoza, weka jiwe linalotokeza juu ya maji siku hiyo hiyo: matamvua yanakwisha, sasa anavuta hewa kwa mapafu, na asipopata pa kupanda atazama. Siku hizo hali kitu, mwili unatumia mkia wake. Watoto watasema anaumwa. Waambie wahesabu mkia unavyopungua.

6. Wa kumshika alowanishe mikono kwanza, isiwe na losheni, kisha anawe kwa sabuni. Chura wa vipele ana sumu nyuma ya macho.

7. Warudisheni jioni, dimbwi lile lile. Wetu walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja hazidi punje ya harage.