Kampeni ya zahanati kupitia simu: kutoka kundi la WhatsApp hadi bajeti ya kaunti

Kikundi cha kijamii kinachotaka zahanati ya kijijini ipate maabara kisianze na Facebook. Kianze na kalenda. Nchini Kenya mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imezipa kaunti tarehe zake: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufike bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari, makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, kisha bajeti ipitishwe kabla ya Juni kwisha. Kampeni nyingi huanza Mei, na hapo ndipo zinapokwama. Kufikia Mei mgao wa kila idara umeshapangwa, na mradi ambao haukuwa kwenye mpango wa Septemba hauna pa kuingilia ila kwa kuuondoa wa watu wengine. Anzeni Julai, mwaka mzima kabla ya pesa mnayoitaka.

Kisha chagueni ombi moja. "Tunataka huduma bora za afya" ni ombi ambalo kila ofisa atalikubali na hakuna atakayelitekeleza. "Maabara ya zahanati yetu ikamilishwe na iwekewe umeme katika bajeti ya mwaka ujao" linaweza kuandikwa kama mstari wa bajeti, na baadaye mtu yeyote anaweza kuutafuta mstari huo akaona upo au haupo.

WhatsApp ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo ijueni vizuri. Orodha ya matangazo (broadcast list), ambayo hupeleka ujumbe mmoja kwa kila mtu kivyake, hupokea watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yenu kwenye simu yake. Vikundi vingi hutuma miezi mitatu bila kujua kwamba nusu ya watu hawapati kitu. Kila mnapomwandikisha mtu, ahifadhi namba papo hapo, mbele yenu. Kundi la kawaida huingiza hadi watu 1,024, lakini kila mmoja huona namba za wenzake. Kwa maabara hilo halina shida. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI au waliopitia ukatili wa kijinsia ni hatari, na hao watumieni orodha ya matangazo au chaneli, ambako wafuasi hawaonani namba. Kundi la matangazo liwekeni wasimamizi pekee ndio watume. Mjadala uwe na kundi lake, la sivyo tarehe ya mkutano itazama chini ya salamu za asubuhi na video za mahubiri.

Msitegemee ujumbe kusambaa wenyewe. WhatsApp huruhusu kusambaza kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huruhusiwa zungumzo moja tu, tena hubandikwa alama inayowatia watu shaka. Njia inayofanya kazi ni kutafuta watu kumi wanaoaminika, mmoja kila kitongoji: mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, imamu, mama wa chama. Kila mmoja arekodi ujumbe kwa sauti yake mwenyewe, usiozidi dakika moja, kwa lugha ya nyumbani. Huko Ganze, kaunti ya Kilifi, sauti ya jirani akieleza jambo kwa Kigiriama itasikilizwa hadi mwisho na mzee ambaye bango la Kiingereza angelipita tu.

Ujumbe wa maandishi uwe kama huu:

"Jumanne 14 Oktoba, saa 3 asubuhi, ukumbi wa chifu. Kaunti inapokea maoni ya bajeti. Tuombe jambo moja: maabara ya zahanati ikamilishwe. Andika jina lako kwenye orodha ya mahudhurio. Usiondoke kabla maoni yetu hayajaandikwa."

Tarehe iandikwe kamili. Neno "kesho" likisambazwa siku mbili baadaye huwapeleka watu kwenye ukumbi uliofungwa. Tumeni siku saba kabla, siku tatu kabla, jioni ya kuamkia, na asubuhi yenyewe.

Msitume faili la bajeti la kurasa mia mbili; litakula bando na hakuna atakayelifungua. Pigeni picha ukurasa mmoja unaoitaja wadi yenu, zungusheni duara kwenye mstari husika, namba ya ukurasa ionekane. Bango lisomeke kwenye simu ndogo iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Lisiposomeka, punguzeni maneno, herufi zikue.

Facebook inawafaa wenyeji walio mjini na walio Ughaibuni, ambao hawataketi ukumbini lakini wanaweza kumpigia mwakilishi wa wadi. X itawafikisha kwa waandishi wa habari. Ukurasa uwe na wasimamizi wawili au zaidi: mara kwa mara kijana wa kujitolea hupata kazi Nairobi akaondoka na ukurasa mzima. Namba ya WhatsApp iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada mnayoichagua wenyewe, na tarakimu sita za usajili asipewe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu.

Kwenye picha tunasisitiza sana. Mgonjwa kitandani hapigwi picha kwa ajili ya kampeni. Mlango wa maabara uliofungwa kwa kufuli unasema ya kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wanaopigwa picha, na kwa mtoto ni lazima mzazi au mlezi akubali. Mnapoomba ridhaa mwambieni wazi: picha itakaa Facebook, yeyote ataiona, hata baada ya miaka. Muuguzi akiwatumia picha ya stoo tupu, msiweke picha ya mazungumzo yenu, kwani jina lake litajulikana na kibarua chake kitaota nyasi.

Mwanasiasa asiwe msimamizi wa kundi, hata akiwa ndiye anayewasaidia. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, inakataza mashirika yaliyosajiliwa chini yake kumfanyia kampeni mgombea au chama.

Maoni yapelekeni pia kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, nakala yenu ipigwe muhuri, na picha ya muhuri iwekwe kundini. Bajeti ikipitishwa, utafuteni mstari wenu. Ukiwepo, fuatilieni ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya kitaifa inayofuatilia jinsi bajeti zinavyotekelezwa. Miezi sita ikipita bila fundi kuonekana, andikeni ombi la taarifa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 za kujibu, na kundi zima lijue siku hiyo ni lini.