Jinsi ya kuushika msamiati wa makoloni ya Waingereza Amerika

Usianze kwa kukariri orodha. Chukua koloni moja, Virginia, kati ya 1606 na 1662, kisha kila neno liulize: linahusu aliyetoa ruhusa, aliyetoa fedha, au aliyefanya kazi?

Ruhusa na fedha hazisumbui sana. Hati ya mfalme ndiyo iliyohalalisha koloni machoni pa Waingereza, wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1606 James I, mfalme wa Uingereza, aliipa hati Kampuni ya Virginia. Hii ilikuwa kampuni ya hisa, yaani wengi walichanga mtaji ili wagawane faida, na hasara ikija waibebe pamoja. Jamestown ikaanzishwa 1607. Mwaka 1624 hati ilifutwa, Virginia ikawa koloni la mfalme, na gavana akateuliwa naye. Koloni la mmiliki ni jambo jingine: Pennsylvania alikabidhiwa mtu mmoja, William Penn, mwaka 1681.

Kwenye kazi ndiko watu wengi hukosea. Mtumishi wa mkataba hakuwa na nauli ya meli. Alilipiwa, naye akaitumikia miaka 4 hadi 7 kwa kawaida, bila mshahara. Mkataba wake uliweza kuuzwa kwa bwana mwingine, lakini ulikuwa na tarehe ya mwisho. Kuanzia 1618, aliyemlipia mtu nauli alistahili ekari 50. Ukileta watu 10, unadai ekari 500. Piga hesabu hiyo mwenyewe, utaelewa kwa nini mashamba ya tumbaku yalitanuka haraka na Wapowhatan, wenyeji wa eneo hilo, wakazidi kupokonywa ardhi.

Agosti 1619, Waafrika zaidi ya 20 waliotolewa Angola walifikishwa Point Comfort, pwani ya Virginia, wakabadilishwa kwa chakula. Sheria ya Virginia ya 1662 ikatamka kuwa mtoto hufuata hali ya mama yake, awe huru au mtumwa. Kuanzia hapo utumwa ulirithiwa kisheria. Kwa Kiswahili "mtumishi" na "mtumwa" yote yana "tuma" ndani yake, ndiyo maana huchanganywa. Uliza tu: muda wake unaisha lini?

Maneno mengine mawili huteleza kwa sababu ya lugha yetu. "Mkoloni" kwetu ni mtawala. Mkulima wa Jamestown muite mlowezi. "Mahujaji" wa Plymouth, 1620, hawakuwa wakienda kuhiji: walijitenga na Kanisa la Uingereza wakahama. Wapuriti wa Massachusetts, 1630, walitaka kulisafisha kanisa hilohilo bila kulikana.

Sasa tengeneza kadi. Mbele andika neno. Nyuma andika mahali, mwaka, na neno linalochanganywa nalo. Mfano: "hati ya mfalme, Virginia, 1606, si mkataba wa mtumishi". Kadi isiyo na mahali wala mwaka irudie, maana hilo neno bado hujalielewa.