Kabla ya Kumlaza Mgonjwa wa Akili: Mwanamke Ana Yake, Mwanaume Ana Yake

Mgonjwa anapelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya akili Uganda, au kitengo cha afya ya akili cha Mbale, Gulu au Mbarara, na familia inahangaikia blanketi na beseni. Beba. Ongeza sabuni, ndala, na pedi kama ni mwanamke. Wembe, mkanda na kamba za viatu vibaki nyumbani. Dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja uzionyeshe.

Kwa mwanaume, sema ukweli kuhusu waragi, ile pombe kali: kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho lini. Mnywaji wa kila siku akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, kisha aweweseke. Ukificha kwa aibu, atatibiwa kichaa huku anachohitaji ni diazepamu ya kuzuia degedege na vitamini ya thiamini. Kijana aliyeanzishiwa haloperido, dawa ya kichaa, akikakamaa shingo au macho yakapanda juu, si mapepo; mwite nesi, dawa yake ipo. Sigara nayo itajwe: moshi hulifanya ini livunje olanzapini, dawa nyingine ya kichaa, haraka, kwa hiyo dozi iliyomtosha wadini inaweza kumpungukia akirudia kuvuta nyumbani.

Kwa mwanamke, kipimo cha mimba kitangulie dawa. Kama amejifungua majuzi, litaje hilo kabla hujaulizwa. Kichaa cha uzazi huanza sana wiki mbili za kwanza na ni dharura.

Halafu uliza kuhusu uzazi wa mpango, maana hapa ndipo wengi huumia. Mwanamke ana kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Anaruhusiwa kurudi nyumbani na haloperido pamoja na kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo pia hutuliza akili. Haloperido hupandisha homoni ya maziwa, hedhi inakatika, pengine chuchu zinatoa maziwa. Nyumbani wanaambiana, "Ni dawa tu." Kumbe kabamazepini inalichochea ini livunje homoni za kijiti, ukikipapasa kipo, lakini kinga ya mimba imepungua. Mimba ikiingia hakuna wa kuishtukia, kwani hedhi ilishakatika zamani. Tumbo likija kuonekana, ule mwezi wa kwanza ambao uti wa mgongo wa mtoto hufunga umeshapita, na kabamazepini inaweza kuuharibu. Valproeti, dawa nyingine ya aina hiyo, ni mbaya zaidi. Mwanamke anayeweza kuzaa asianzishiwe bila mazungumzo marefu na daktari. Mwonyesheni daktari kijiti siku ya kwanza. Sindano ya uzazi wa mpango ya Depo na koili ya shaba haziharibiwi na kabamazepini. Lakini kabamazepini msiikatishe wenyewe. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Siku ya kuruhusiwa, andika tarehe ya sindano inayofuata ya dawa ya akili, kama anachomwa, na nani atampeleka kliniki. Mwanaume aulizwe faraghani kuhusu nguvu za kiume, maana wengi huacha dawa kwa sababu hiyo na hawasemi, wakati dozi au dawa yenyewe ingeweza kubadilishwa. Nauli ya kurudi itengwe mapema, namba ya wadi iwe kwenye simu zaidi ya moja, vidonge vihesabiwe kabla havijaisha, na jirani anayeshauri mgonjwa aachane na dawa asikilizwe kwa adabu tu.